Kiingereza cha nyumbani kikifika ugenini: maneno ya kukagua kabla hujayatumia

Kiingereza cha shule za Kenya, Tanzania na Uganda kina asili ya Uingereza, kisha sisi wenyewe tumekiongezea vyetu. Ukisafiri nacho, au ukianza kufanya kazi mtandaoni na mteja aliye Texas, shida haitokani na maneno usiyoyajua. Hayo utayauliza. Yanayoponza ni yale unayoyajua tangu shule ya msingi, ambayo upande wa pili yana maana nyingine: wewe huulizi kwa sababu unajua, na mwenzako haulizi kwa sababu naye anajua. Kila mmoja anaondoka na habari yake.

Mpangilio hapa unafuata uzito wa hasara. Afya kwanza.

Dawa na hospitali

Dawa ya maumivu ambayo kwetu wengi huiita Panadol ni "paracetamol". Uingereza na Australia jina ni hilohilo. Marekani dawa hiyohiyo huitwa "acetaminophen", na jina la kibiashara linalofahamika zaidi ni Tylenol. Hatari haiko dukani, iko kwenye kumeza. Mtu amefika na vidonge vyake vya nyumbani, akapata mafua, akanunua dawa ya mafua ya Kimarekani ambayo ndani yake imo acetaminophen, akameza zote mbili akidhani ni dawa tofauti. Kiwango cha juu kinachotajwa kwa kawaida kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na baadhi ya paketi za Marekani hutaja kiwango kidogo zaidi. Ukizidisha, ini ndilo linaloumia, na dalili huweza kuchelewa kuonekana. Kwa hiyo soma orodha ya viambato nyuma ya paketi, na usome miligramu pia: kule vidonge vya 325 vipo, vya 500 vipo, na vya 650 vipo.

Mwenye pumu ajue kwamba "salbutamol" yetu Marekani ni "albuterol". Mwenye mzio mkali ajue kwamba "adrenaline" kule ni "epinephrine". Andika majina yote mawili kwenye karatasi moja uiweke kwenye pochi, maana siku ya kuhitaji dawa si siku ya kutafuta tafsiri.

Uingereza "surgery" ni upasuaji, lakini pia ni kituo cha daktari wa kawaida anayekuona kwa kikohozi. Ukiambiwa njoo "surgery" saa nne, usishtuke. Chumba cha upasuaji Waingereza hukiita "theatre", kama wauguzi wetu wanavyosema. Mmarekani ukimwambia mama yuko "theatre" atadhani ameenda kutazama mchezo. Kwake ni "operating room". Idara ya dharura ni "A&E" Uingereza na "ER" Marekani. Namba za dharura: 999 Uingereza, 911 Marekani na Canada, 000 Australia, 111 New Zealand.

Tarehe, saa na ghorofa

Mmarekani huandika mwezi kwanza. 04/07/2025 kwake ni tarehe 7 Aprili. Kwetu na kwa Mwingereza ni tarehe 4 Julai. Siku 12 za kwanza za kila mwezi ndizo zenye mtego, kwa sababu kuanzia 13 tarehe inajifichua yenyewe. Dawa yake ni moja: andika mwezi kwa herufi, "4 July 2025", kila mara, hata kwenye jina la faili.

Kwenye jedwali la kompyuta kosa hujificha zaidi. Ukifungua Excel iliyopangwa kwa Marekani ukaandika 05/06/2025, itaisoma kuwa 6 Mei. Ukiandika 13/06/2025 itaikataa na kuiacha kama maneno matupu. Matokeo yake ni safu moja yenye tarehe zilizogeuzwa na zisizogeuzwa, zikiwa pamoja. Ishara ya kuitambua: tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, zilizobaki kama maneno hukaa kushoto. Ukiona mchanganyiko huo, usianze kurekebisha moja moja. Badilisha mpangilio wa eneo kwanza, kisha ingiza data upya.

Kwenye saa, mtego wa kwanza ni wetu. Saa tatu asubuhi ni "nine", si "three", ongeza au punguza 6 kabla hujafungua mdomo, na useme "a.m." au "p.m." Mwingereza na Muayalandi wakisema "half seven" wanamaanisha 7:30, saa moja na nusu. Mmarekani akisema "quarter of seven" ni 6:45, saa moja kasorobo. Saa ya mtindo wa saa 24 Wamarekani wengi huiona ni ya kijeshi, hivyo ukimwandikia "18:00" ongeza "6 p.m." pembeni.

Tiketi ya ndege iliyoandikwa "Friday, 12:30 a.m." imewaachisha wengi safari. Hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Uwanjani wewe unakwenda Alhamisi jioni. Ukijisemea moyoni "kuamkia", hutakosea.

Juma nalo lina yake. "Fortnight", wiki mbili, Mmarekani wa kawaida halitumii. Mwambie "two weeks". "Biweekly" liepuke kabisa, kwa kuwa huweza kuwa mara mbili kwa wiki au mara moja kwa wiki mbili popote pale. Mmarekani akisema "Monday through Friday", Ijumaa imo.

Ghorofa: Uingereza, kama Nairobi na Dar, ya chini kabisa ni "ground floor" na ya juu yake ni "first floor". Marekani "first floor" ndiyo ya chini. Ukielekezwa "second floor" ndani ya jengo la Chicago, panda ngazi mara moja tu. Kwenye lifti tazama vitufe: G ni mtindo wa Uingereza, 1 au L ni mlangoni kwa mtindo wa Marekani.

Kiswahili chenyewe kama kipimo

Njia ya haraka ya kujua neno lako liko upande gani ni kutazama tulilokopa. Maneno mengi ya gereji na ya nyumbani tuliyachukua kwa Waingereza: spana, boneti, buti ya gari, lori, petroli, tochi, nepi, lifti, plasta. Likiwa kwenye Kiswahili kwa sauti hiyo, basi Uingereza litaeleweka na Marekani kuna jingine. Spana ni "wrench", boneti ni "hood", buti ni "trunk", lori ni "truck", petroli ni "gas", tochi ni "flashlight", nepi ni "diaper", lifti ni "elevator", na plasta ya kidonda ni "Band-Aid".

Hapo kwenye "gas" pana kitu cha kuangalia. Ukimwambia Mmarekani "the gas is finished" ukimaanisha mtungi wa jikoni, atauliza gari limekwama wapi. Na "paraffin", mafuta ya taa kwa Mwingereza, kwake ni nta ya mishumaa. Mafuta ya taa muombe kwa jina la "kerosene".

Raba ya kufutia Uingereza ni "rubber". Marekani neno hilo ni kondomu, kwa hiyo mwanafunzi aombe "eraser". Suruali ya Mmarekani ni "pants". Ya Mwingereza ni "trousers", na "pants" kwake ni chupi. Ukimsifia Mwingereza "nice pants" umefika mbali. "Smart" kwetu na kwa Mwingereza ni mtu aliyevaa akapendeza, ndiyo smati yetu; kwa Mmarekani kwanza ni mwenye akili. Nyumba "homely" kwa Mwingereza ina joto la familia. Mmarekani husema hivyo juu ya mtu asiye na sura ya kuvutia, basi mwenyeji wake umwambie "cozy".

Barabarani liko neno moja la kuwafundisha watoto mapema. "Pavement" kwa Mwingereza ni njia ya waenda kwa miguu. Kwa Mmarekani ni lami yenyewe, yanakopita magari. Pa kutembea panaitwa "sidewalk". Na "subway" ya London ni njia ya chini ya barabara ya kuvukia kwa miguu, wakati ya New York ni treni ya chini ya ardhi. Glasgow nao treni yao huiita "Subway", ijapokuwa wako Uingereza.

Vipo pia vya kwetu tu ambavyo havikutoka London. "Hotel" ya kula chapati na maharage kwao ni mahali pa kulala. Pa kula ni "restaurant" au "café". "Slippers" kwao ni viatu laini vya ndani ya nyumba. Ndala ni "flip-flops", na Australia ni "thongs", neno ambalo Marekani na Uingereza ni aina ya chupi. "Hostel" ya wanafunzi ni "halls" Uingereza na "dorm" Marekani.

Sokoni na mezani

Ugali ndio unaowatesa wageni wengi, na kisa ni jina la unga. Uingereza usinunue pakiti iliyoandikwa "cornflour". Huo ni wanga mtupu wa mahindi, wa kukolezea mchuzi. Ukiutia kwenye maji yanayochemka unafanya mabonge, kisha unageuka ute unaong'aa kama gundi, na hata uongeze vipi haukazi ukawa ugali. Tafuta "maize meal" au "maize flour", mara nyingi kwenye maduka ya Kiafrika na ya Kihindi, mweupe, uliosagwa laini.

Marekani wanga ule huitwa "cornstarch", na unga unaoutaka ni "white cornmeal" uliosagwa laini. Hapo una mitego miwili. Wa kwanza ni "self-rising": umeshatiwa hamira ya unga na chumvi kwa ajili ya mikate yao, na ugali wake huumuka na kuwa na ladha ya chumvichumvi. Wa pili ni "masa harina", unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa ili kutengenezea tortilla, chapati nyembamba za Kimeksiko. Unashikana vizuri lakini harufu yake si ya ugali unaoujua. Ukikuta wa njano peke yake, chukua, utasonga vizuri tu. Ule ulioandikwa "coarse" ni chengachenga: unahitaji maji zaidi na moto mdogo kwa muda mrefu.

Unga wa ngano wa chapati ni "plain flour" Uingereza, "all-purpose flour" Marekani. Biringanya, ambayo wengi wetu tulifundishwa kuiita "brinjal", ni "aubergine" Uingereza na "eggplant" Marekani. Majani ya dhania ni "coriander" Uingereza na "cilantro" Marekani. Huko ukiomba "coriander" utapewa mbegu zake. Pilipili hoho ni "pepper" Uingereza, "bell pepper" Marekani, na Australia ni "capsicum".

Kwa anayechunga halali, yapo maneno ya kuyakariri. "Cider" Uingereza ni kileo cha tofaa, daima ichukulie hivyo. Marekani "apple cider" kwa kawaida ni juisi isiyochujwa, na yenye kileo huandikwa "hard cider". "Gammon" ni nyama ya nguruwe. "Black pudding" si kitu kitamu cha baada ya chakula, ni soseji ya damu, aghalabu ya nguruwe. "Pepperoni" kwenye piza ya Marekani mara nyingi ina nguruwe. "Jelly" ya Mwingereza ni ile inayotikisika, ya jelatini, na asili ya jelatini inafaa kuulizwa. "Jelly" ya Mmarekani ni ya kupaka kwenye mkate.

Chipsi zetu ni "chips" Uingereza. Marekani ni "fries", na "chips" ni krispi za pakiti. Biskuti ni "cookie". "Biscuit" ya Mmarekani ni kimkate laini kinacholiwa na mchuzi mzito. Soda yetu itaeleweka New York, lakini Midwest, majimbo ya kati-kaskazini, utasikia "pop", na kusini mtu anaweza kusema "coke" kwa soda ya aina yoyote. "Tea" kaskazini mwa Uingereza ni chakula cha jioni: ukialikwa "for tea" saa kumi na mbili, nenda na njaa. Ukimaliza kula, omba "bill" Uingereza na "check" Marekani.

Salamu, pole na mialiko

Mwingereza akikutana nawe ukumbini atasema "You all right?" Hakuulizi afya. Jibu ni "All right, you?" huku unaendelea kutembea. Maneno yaleyale kwa Mmarekani ni swali la wasiwasi, kana kwamba umeonekana mgonjwa; yeye hutumia "How are you?" na anatarajia "Good, you?" Sisi tuliozoea kuulizana habari za nyumbani, za watoto na za kazi huona hapo pamepunjwa. Si dharau. Habari ndefu zina nafasi yake mkikaa.

Pole ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu Kiingereza cha ng'ambo hakina neno moja la kuibeba. Kwetu "sorry" tumeipa kazi hiyo, lakini Mwingereza aliyejikwaa ukimwambia "sorry" anaweza kukujibu "it's not your fault", maana amesikia ukikiri kosa. Igawe kwa hali. Aliyejikwaa au kuangusha kitu: "Are you OK?" Mgonjwa: "I hope you feel better soon." Aliyefiwa: "I'm sorry for your loss", na hapo "sorry" iko mahali pake. Aliyetoka safari: "How was the journey?" Aliye kazini anatoka jasho hana maneno maalumu kwao, "Long day?" inatosha.

Tafsiri nyingine za moja kwa moja zinazokwama: "You are lost" kwa mtu aliyeadimika, sema "I haven't seen you in ages". "I'm coming" huku unaondoka, sema "I'll be right back". "Escort me" kwa nisindikize lina harufu ya walinzi au ya watu wa kulipwa. Sema "Walk me to the bus stop". "Flash me" kwa nibipu usilithubutu kabisa, maana kwao ni mtu kujifunua mwili. Na "I stay in Temeke" England na Marekani hueleweka kama umefikia hapo kwa muda; unapoishi ni "I live". Uskoti wao husema "stay" kama sisi.

Mwaliko usio na siku wala saa, kama "We should get together sometime", uchukue kuwa maneno ya kuagana kwa wema. Ukitaka kujua kama ni kweli, taja siku: "Are you free on Saturday?" Na ukikaribishwa chakula Marekani, "I'm good" maana yake ni hapana, asante.

Ofisini

Kikaoni, Mwingereza "aki-table" hoja ameileta ijadiliwe. Mmarekani ameiweka kando. Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliandika jinsi maofisa wa pande hizo mbili, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo kabla ya kugundua kwamba wote walitaka jambo lilelile. Sema "discuss now" au "postpone", basi.

Mwingereza akisoma kazi yako akasema "quite good", mara nyingi ni ya wastani, irudie. Mmarekani akisema hivyo amekusifu. Kwenye barua pepe, "kindly" yetu ya heshima Wamarekani wengi huihusisha na jumbe za matapeli; tumia "please". "I will revert" kwa maana ya nitajibu inaeleweka India na kwetu, kwingine ni kurudi kwenye hali ya awali. Andika "I'll reply by Friday".

Mwajiri wa Marekani akiomba "resume" anataka ukurasa mmoja au miwili, bila picha, umri, dini wala hali ya ndoa. "CV" kwake ni ile ndefu ya wanataaluma.

India, Nigeria, Afrika Kusini

Mhindi akikutajia "lakh" uko nyumbani: ndiyo laki yetu, 100,000, nao huiandika 1,00,000. "Crore" ni milioni 10. "He passed out in 2015" ni kuhitimu, si kuzimia. "Prepone" ni kuleta mkutano mbele.

Mnaijeria akichelewa kwa "go-slow" au "hold-up" yuko kwenye foleni. "Hold-up" kwa Mmarekani ni uporaji wa silaha. "Dash" ni kumpa mtu kitu bure, na "trek" ni kutembea tu kwa miguu, hata hadi dukani.

Johannesburg "robot" ni taa za barabarani na "bakkie" ni pikapu. "Now now" ni hivi punde, lakini "just now" ni baadaye, huenda saa kadhaa. Fundi akikuambia anakuja "just now", usisimame mlangoni, muulize saa.

Kukagua mwenyewe

Kamusi nyingi za mtandaoni huweka alama ya Uingereza au Amerika ya Kaskazini kando ya kila maana. Usitafute neno geni, tafuta lako la kila siku, na usome hadi maana ya mwisho. Kisha panga simu na kompyuta kwa Kiingereza cha unayemwandikia, ili kikagua tahajia kikuoneshe "tyre" na "tire", "cheque" na "check". Ukitafsiri kwa mashine, chagua aina ya Kiingereza kabla ya kubandika maandishi, si baada.

Na mbele ya mtu, taja kitu kwa kazi yake pale unaposhuku jina lake: "the flour for making ugali, not the starch", "the floor at street level", "Friday morning, half past midnight". Muuza duka atakupa unga sahihi hata kama hajawahi kusikia ugali.